Mstari Nilioufunika

Desemba 4

Leo nimeingia maabara kwa mara ya kwanza na sikusema neno zaidi ya shikamoo.

Mtihani wa kidato cha nne umeisha, matokeo mpaka mwezi wa kwanza, na Mama Mdogo Generosa amechoka kuniona nimejilaza kwenye kochi hapa Nkuhungu. "Mchukue huyu ukamfundishe kitu," alimwambia Baba Mdogo asubuhi wakati anamimina chai. "La sivyo nitampeleka Soko la Majengo akauze nyanya. Huko ataongea, apende asipende."

Baba Mdogo Optatus anafundisha elektroniki chuoni. Akaniambia tu nivae viatu vya kufunika.

Maabara yenyewe ni chumba kimoja chenye feni inayozunguka ikijisikia. Ndani nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaitwa Yotham. Ni kijana wa huku huku, Mgogo, kwao ni njia ya kwenda Mtera. Aliniuliza jina mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia.

"Yasinta," nikarudia.

"Dogo, una sauti ya mtu aliyefungiwa kabatini," akasema, akacheka. Hakucheka kwa ubaya.

Desemba 6

Nimeelewa wanachotengeneza. Ni sanduku la radi. Antena inasikia radi ikiwa bado mbali. Mawimbi yanashuka kwenye chipu moja ndogo kama kucha, nayo inayageuza kuwa namba, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde. Kompyuta ndogo inazisoma zile namba. Radi zikisogea, king'ora kinalia.

Litawekwa kijijini kwao Yotham. Huko watoto wanachunga kwenye mbuga tambarare, hakuna pa kujificha. Masika yaliyopita radi iliua ng'ombe wa jirani yao pamoja na kijana aliyekuwa anawachunga. Yotham alisimulia hilo huku anakaza skrubu, bila kumwangalia mtu. Ana mdogo wake anaitwa Penina, yuko darasa la tatu, akitoka shule naye anachunga.

Desemba 11

Kwenye skrini, namba zile zinachorwa kuwa picha. Kukiwa kumetulia, picha inakuwa kama majani mafupi yanayotikisika na upepo. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini katikati ya majani yetu kuna mstari mmoja mrefu, umesimama peke yake, usiku na mchana, radi iwepo isiwepo. Hakuna aliyeuleta. Vitabu vya Baba Mdogo vina jina lake la Kiingereza, Yotham anauita mzamiaji.

"Si unamjua yule mtu wa kwenye harusi?" akaniambia. "Kavaa suti, anakula pilau. Upande wa bwana harusi wanajua ni wa bibi harusi, upande wa bibi harusi wanajua ni wa bwana harusi. Mpaka anapewa na keki."

Nilicheka kwa sauti. Sijui ilitokea wapi.

Desemba 13

Manyunyu. Mzamiaji yupo.

Desemba 18

Yotham ana sheria moja ya kumtafuta mzamiaji: badilisha kitu kimoja, kisha angalia. "Ukibadilisha viwili kwa pamoja, umejidanganya mwenyewe, na hutajua ulijidanganya wapi."

Leo tulichomoa antena, tundu ilipochomekwa tukaliziba kwa kifuniko maalumu ili wimbi lolote lisiingie. Mstari ukabaki pale pale, haukupungua hata kidogo.

"Kwa hiyo hatoki nje," Yotham akasema. "Kazaliwa humu humu ndani."

Halafu akaniuliza kwa nini siongei. Sikumjibu, ila hapa naweza. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Kwenye sekondari yetu ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Kiingereza changu kilikuwa kinawachekesha watu. Kiswahili kilikuwa na kibao. Nikajifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili.

Desemba 20

Leo tumebadilisha kasi ya saa inayoiongoza ile chipu. Kama mstari ungekuwa mtoto wa saa, ungehama. Haukuhama.

"Sasa?" nikauliza. Ni neno moja, lakini nililisema bila kuulizwa.

Yotham akanigeukia kama mtu aliyesikia paka anaongea. "Sasa tumebaki na chakula chake. Umeme." Akanionyesha bodi ndogo inayoshusha umeme wa betri kabla haujafika kwenye chipu. Anaishuku kwa sababu mchana, chumba kikipata joto, mstari unarefuka na kusogea kidogo. Anataka kuitoa, aweke kipande kingine kisicho na kelele, aone kama mstari utaondoka. Kipande kinatoka Dar, kitakuja na basi baada ya sikukuu. Imebaki hatua hiyo moja.

Desemba 25

Pilau, soda, misa ndefu. Kwenye kwaya kulikuwa na mtu nisiyemjua anaimba besi. Nikamkumbuka mzamiaji, nikacheka peke yangu, Mama Mdogo akanifinya.

Januari 8

Wageni wanakuja. Kutoka wizarani. Chuo kizima kinapigwa deki. Mawe ya bustanini yanapakwa chokaa, na miti nayo imepakwa chokaa mpaka kiunoni, na leo nimemwona mzee mmoja anapaka chokaa ukingo wa shimo la barabara. Shimo lenyewe hakulifukia.

Baba Mdogo akasimama mbele ya skrini, mikono mgongoni. "Huu mstari wageni hawawezi kuuona."

"Kipande kinakuja, Mwalimu," Yotham akasema.

"Kipo wapi?"

"Kimesahaulika Morogoro. Kondakta anasema wiki ijayo."

"Wiki ijayo yake na wiki ijayo yangu ni ile ile?"

Yotham akaanza kukusanya vifaa vyake. Kesho anakwenda kwao kwenye palizi, uwele umezidiwa na magugu na bibi yake hana watu. Aliaga akaniambia, "Dogo, nilindie mzamiaji wangu. Asitoroke kabla sijamjua."

Januari 12

Baba Mdogo aliniita nikiwa nafuta meza. "Wewe si ulikuwa klabu ya kompyuta? Programu ya kuchora picha unaielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huwezi kuuondoa ule mstari kwenye picha? Kwa muda tu. Wageni wakiondoka tunaendelea na kazi yetu."

Ningeweza kusema: sijui. Angeamini, hakuna anayetegemea nijue kitu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima ananiuliza jambo na kusubiri jibu kweli. Nikasema, "Naweza."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mpaka nikaona aibu. Niliiambia programu: ukifika mahali pale usichore ulichokiona, chora majani kama ya majirani zake. Basi. Mstari ukapotea. Baba Mdogo alinishika bega akasema, "Ona sasa! Kumbe tumefuga mtaalamu." Mle ndani mstari ulikuwa umesimama vile vile. Ni picha tu iliyokuwa imevishwa kiraka.

Saa nane, joto lilipopanda, ncha ya mzamiaji ilichungulia pembeni ya kiraka. Nikakipanua.

Januari 19

Wageni wamekuja, wameona, wamepiga makofi. Baba Mdogo alisema mbele yao, "Huyu ni binti yangu, ndiye aliyesafisha mawimbi." Binti yangu! Mama mmoja wa wizarani alinipa mkono, akaniuliza jina, akanisikia mara ya kwanza. Wamekubali sanduku lipelekwe kijijini mwezi wa pili.

Baba Mdogo alifunga kila kitu ndani ya sanduku la bati mchana huo huo, akaziba kingo zote kwa silikoni ili mvua isiingie. Nilisimama pembeni namshikia bomba la silikoni. Nilifikiri kumkumbusha kuwa alisema "kwa muda tu". Nikafikiri atakumbuka mwenyewe.

Januari 22

Yotham amerudi. Viganja vimepasuka kwa jembe. Ameniletea karanga za kwao kwenye mfuko wa rambo.

Akaangalia skrini muda mrefu. "Mzamiaji yuko wapi?"

"Ametoka," nikasema.

"Ilikuwa umeme?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Ni hivyo tu. Sikutamka uongo wowote, na katika maisha yangu sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko kile kichwa. Yotham alidhani Baba Mdogo amepata kipande kingine, akarukaruka, akapiga meza, "Nilijua mimi! Nilijua!" Akampigia simu bibi yake hapo hapo, akaongea Kigogo kwa furaha, nami nikaambulia neno moja tu, jina langu.

Kipande kutoka Dar kilifika jioni. Alikitoa kwenye boksi, akakitazama, akakiweka kwenye droo. "Pole bwana, umechelewa kazi."

Januari 25

Matokeo yametoka. Division one. Mama yangu amelia kwenye simu. Yotham kaninunulia mishikaki. Nikamrudishia nusu.

Februari 3

Tumelifunga sanduku kijijini. Tulifika vumbi limetupaka sote rangi moja. Bibi Anyesi, bibi yake Yotham, alinisalimia "mbukwa", nikaitikia ninavyojua, watoto wakaanguka kwa kicheko. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, Baba Mdogo akanawa mara mbili.

Siku za nyuma Bibi Anyesi ndiye aliyekuwa king'ora. Upepo ukigeuka na kunusa mvua, anatoka na debe bovu na mwiko wa ugali, anagonga mpaka watoto waliotawanyika mbugani wanasikia, wanaacha ng'ombe wanakimbilia nyumbani. Mara nyingine anagonga na mvua yenyewe haiji, watoto wananung'unika, wengine wanamwita Bibi Debe.

Baba Mdogo alijaribu king'ora. Mbuzi walitawanyika, kuku mmoja akaingia jikoni. Bibi Anyesi akashika kifua, akacheka mpaka machozi. "Haya! Mimi na debe langu tumestaafu." Akampa Penina lile debe akachotee maji ya ndama.

Penina ana miaka tisa na jino moja la mbele limetoka. Alinichagua mimi, sijui kwa nini. Alinivuta pembeni akaniuliza sikioni, kwa kunong'ona, kama tunavyopenda watu wa aina yetu:

"Dada, likilia tunakimbia?"

"Likilia mnakimbia."

"Na lisipolia?"

Nikasema, "Lisipolia hakuna radi."

Februari 9

Mvua nzuri. Kazi yangu sasa ni kuangalia picha inayotumwa kutoka kijijini kila mchana kwa mtandao wa simu. Leo: safi.

Februari 13

Safi.

Februari 14

Sanduku limelia kwa mara ya kwanza kwa radi ya kweli. Watoto wote walikimbia, na radi ikapiga mbali upande wa bwawa la Mtera. Yotham alinipigia saluti mlangoni. Baba Mdogo kanunua soda. Niliiacha yangu mpaka gesi ikaisha.

Februari 20

Mvua. Safi.

Februari 22

Jua kali, mawingu hayashuki. Safi.

Februari 27

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nilikuwa peke yangu maabara. Nimeondoa kiraka nikaangalia picha ya kijijini ilivyo kweli.

Mstari umekua. Desemba ulikuwa mrefu, leo umepanda karibu na ukingo wa juu, na pembeni yake vimesimama vingine vifupi, kushoto na kulia, kama watoto walioshika khanga ya mama yao. Ndani ya lile bati, kwenye jua la mbugani, kuna kitu kinaharibika. Hata mimi ninayejua kidogo nimeliona hilo.

Nikasikia viatu vya Baba Mdogo kwenye kokoto. Nikarudisha kiraka. Sijui kwa nini vidole vilikuwa na haraka hivyo.

"Picha inasemaje?" akauliza akiwa mlangoni.

"Safi."

Yotham anawasilisha mradi wake mbele ya walimu wiki ijayo. Nikisema sasa, anaanguka. Hicho ndicho ninachojiambia. Lakini nikiandika hapa naona haikuwa kwa ajili yake. Nilikuwa nafikiria uso wake atakapojua kile kichwa cha Januari. Jumatatu nitasema.

Machi 2

Sikusema. Yotham alikuwa na shati jipya, anafanya mazoezi ya kuwasilisha, anauliza, "Dogo, tai inakaa?" Nilimnyoosha tai.

Machi 5

Kawasilisha. Wamempigia makofi. Kwenye maneno yake ya shukrani alitaja jina langu kabla ya la Baba Mdogo. Mvua ilipiga bati mpaka watu wakawa wanapiga kelele kuongea. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia tulipokuwa tunasubiri ikatike, tumebanana chini ya kibaraza wawili tu. Nilisema, "Hongera."

Machi 10

Simu ilipigwa jana jioni kutoka kijijini. Naandika leo.

Wingu lilipanda kutoka upande wa Mtera mchana. Watoto walikuwa mbugani na ng'ombe. Mkubwa wao, Seth, mtoto wa jirani, alitaka kukimbia, akasema upepo umegeuka. Penina akamwambia, bado, sanduku halijalia. Akasema Dada Yasinta amesema lisipolia hakuna radi. Seth ni mkubwa kwake lakini Penina ndiye mwenye sanduku, liko kwao, na dada yake wa mjini ndiye aliyelitengeneza. Wakabaki.

Bibi Anyesi alikuwa uani anapepeta. Anasema alitazama juu, akaona giza, akatazama sanduku. Kitaa chekundu cha king'ora kiliwaka, kikazima. Kikawaka tena, kikazima. Akadhani ndivyo linavyofanya likifikiri. Debe lilikuwa limejaa maji ya ndama. "Tulikuwa tunaliangalia sanduku," alimwambia Yotham hospitalini. "Hatukuangalia mbingu."

Radi ilipiga ng'ombe waliokuwa mbele ya Penina. Ng'ombe walikufa. Penina alirushwa.

Yuko hai. Naandika tena, yuko hai. Ana jeraha la moto kuanzia shingoni mpaka begani, na sikio la kushoto halisikii kabisa. Daktari amemwambia Yotham wasitegemee litarudi.

Mama Mdogo alinikuta bafuni, bomba nimelifungua ili wasisikie. Akabisha mlango. "Yasinta, mtoto yuko hai, mshukuru Mungu, toka ule." Anadhani nalia kwa huruma.

Machi 14

Yotham amelileta sanduku maabara. Hakusalimia. Alikata silikoni kwa wembe, taratibu, kama anayefungua kidonda. Mimi na Baba Mdogo tulisimama.

Bodi ya umeme ilikuwa ile ile ya Desemba. Aliitambua kwa alama ya wino aliyoiweka mwenyewe. Juu yake kuna kapasita, kile kikopo kidogo kinacholainisha umeme. Kilikuwa kimefura kichwa na kuvuja maji ya kahawia. Akaunganisha betri, akawasha, akabonyeza king'ora. Kitaa kikawaka. King'ora kikaomba umeme, bodi ikashindwa, kila kitu kikazima, kikajiwasha upya, kikaomba tena, kikazima. Siku ile sanduku lilikuwa limeiona radi. Lilijaribu kulia likakosa pumzi.

"Kapasita ikianza kufa," Yotham alisema, anaongea na bodi, "umeme unaanza kutetemeka. Lazima ungeonekana kwenye picha. Mstari ungekua kila siku. Ningeuona." Akavuta kiti, akafungua programu. Alisoma mpaka akafika kwenye mistari ya programu niliyoandika mimi, na alipofika nilijua kwa mabega yake.

Akaifuta kwa kitufe kimoja. Mzamiaji akasimama katikati ya skrini, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona.

"Kumbe alikuwa anakohoa," Yotham akasema. "Muda wote huo anakohoa, na sisi tukamziba mdomo."

"Yotham," Baba Mdogo akaanza. Sauti yake sikuijua. "Mimi ndiye niliyemwagiza. Ilikuwa kwa ajili ya wageni. Nikasahau. Lawama ni yangu, nitaandika barua kwa uongozi wa chuo."

"Wewe Mwalimu sikukuuliza kitu," Yotham akasema kwa heshima, karibu kwa upole. "Nilimuuliza huyu."

Akangoja. Nilikuwa na kila neno mdomoni. Lugha mbili nzima. Feni ikazunguka. Alingoja muda ambao ungemtosha mtu yeyote mwenye moyo kusema hata "nisamehe" tu, kisha akachukua kile kipande cha Dar kutoka kwenye droo, akakitia mfukoni, akatoka.

Machi 15

Baba Mdogo hakula. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia, ni rahisi kumchukia, yeye na chokaa zake. Lakini leo nimemkuta amekaa ndani ya gari lililozimwa, mikono kwenye usukani. Aliomba kiraka mara moja. Mimi nilikipanua, nikakifunua, nikaona, nikakirudisha.

Machi 20

Mvua.

Machi 24

Yotham haji. Maabara pananuka silikoni.

Machi 29

Mvua imepiga Nkuhungu tangu asubuhi, mtaro wa mbele ya nyumba umekuwa mto. Kila ngurumo nahesabu bila kutaka. Mama Mdogo aliniuliza tena nina nini. Nikamwambia. Yote, kuanzia kile kichwa. Aliweka kisu alichokuwa anakatia mchicha.

"Umemwambia Yotham?"

"Anajua."

"Sikukuuliza anajua. Nimekuuliza umemwambia?"

Aprili 6

Tumekwenda kutoa pole, mimi na Mama Mdogo, tumebeba sukari, unga, mafuta na sabuni. Baba Mdogo alitutangulia wiki iliyopita na barua yake kwa uongozi imejibiwa, lakini hilo ni lake.

Mvua zinaishia. Uwele umesimama kupita kichwa changu. Bibi Anyesi alitupokea, akamshika Mama Mdogo mkono kwa muda mrefu, mimi akanipa cha kukalia. Hakunikasirikia, na hilo lilikuwa gumu kulibeba. Anadhani mashine iliharibika tu, kama zinavyoharibika mashine. Yotham hajawaambia. Alikuwa ng'ambo ya uwanja, anafunga miiba kwenye ua wa zizi, ametugeuzia mgongo. Aliitikia salamu ya Mama Mdogo bila kugeuka kamili. Juu ya paa sanduku lipo tena. Amebadilisha bodi mwenyewe. Debe nalo limening'inizwa mlangoni, mwiko ndani yake.

Penina alikuwa kwenye mkeka, anapanga vigunzi vya mahindi, shingo ina bandeji nyeupe. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka nimwambie sikioni, sisi wawili tu, kama alivyoniuliza siku ile. Nikainama nikaanza.

Hakugeuka. Akaendelea kupanga vigunzi. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake.

Alipoona kivuli changu kinasogea akatazama. "Dada, njoo huku. Huko hakuna mtu."

Nikahamia kulia. Nikainama tena. "Penina, nataka kukwambia jambo."

"Sikusikii."

"Nataka kukwambia..."

"Sema kwa nguvu," akasema, si kwa ukali, kama unavyomwambia mtu afunge mlango. "Sikio hili nalo lina kelele. Linapiga nzzz."

Bibi Anyesi aliacha ungo. Mama Mdogo akanitazama. Nilifikiri: nitarudi siku nyingine, nitamwandikia Yotham, nitamtuma Mama Mdogo aseme. Yalipita yote hayo kichwani, na nikaona ni kiraka kile kile, nakipanua.

Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa, ikatoka imepasuka.

"Penina, sanduku lilikuwa linaumwa. Mimi niliona. Kulikuwa na mstari, nikaufunika ili watu wanisifu. Kaka yako aliniuliza nikamdanganya. Halafu nikauona tena umekua, nikaufunika tena. Na nilikwambia lisipolia hakuna radi. Nilikuwa sijui, na nilisema kama najua. Ni mimi."

Ng'ombe mmoja alipiga kengele zizini. Bibi Anyesi alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja. Sikuthubutu kumtazama zaidi.

Penina alinikazia macho, jicho moja limefinywa kidogo kwa jua. Alikuwa anayapanga maneno yangu kama vigunzi vyake. Kisha akauliza, "Na Kaka Yotham umemwambia?"

Nikatazama zizini. Mikono yake ilikuwa imesimama kwenye miiba, lakini hakuwa amegeuka.

"Bado," nikasema.

"Basi sema tena," Penina akasema. "Yuko mbali."

Nikasimama. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi.